Wamekata mgongo wa bahasha, wananiuliza nalia nini

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu. Tuone zitabaki ngapi.

Niliagiza kwa muuza stempu wa mtandaoni bahasha ya miaka ya 1980, kutoka Nairobi kwenda Taiwan, yenye muhuri wa mpira "MISSENT TO BANGKOK", yaani ilipelekwa Bangkok kimakosa. Kosa lenyewe linaeleweka: mchambuzi wa barua posta akisoma Taiwan harakaharaka, barua inaangukia mfuko wa Thailand. Tangazo lilikuwa na picha ya mbele tu. Imefika, haina nyuma. Wameipitisha mkasi, wakabakiza uso mtupu!

Nikauliza. Jibu: "Stempu ipo, muhuri upo, sasa unalia nini?"

Jamani. Stempu ile imejaa kwenye kila albamu. Anayekusanya barua zilizopotea njia hununua safari, na safari husomwa mgongoni: muhuri wa tarehe wa Bangkok, kisha wa kupokelewa Taipei, zikifuatana baada ya tarehe ya Nairobi. Ingekuwa barua ya kawaida ningesamehe, maana nyingi za miaka hiyo hazikugongwa nyuma. Hii ni ya rejista, kibandiko cha R kinanikodolea macho hapo mbele! Rejista ndiyo iliyogongwa karibu kila kituo.

Nimeutazama huo muhuri wa mpira kwa lenzi ya kukuza mara 10. Wino umezama kwenye nyuzi za karatasi na kurundikana ukingoni mwa herufi. Hakuna vitone vya printa. Sawa, umegongwa kwa mkono. Lakini mkono wa nani, posta au sebuleni wiki jana? Bila mgongo hakuna wa kujibu.

Halafu wameutia uso huo kwenye mfuko wa plastiki ya PVC unaonuka kama pazia jipya la bafuni. Vilainishi vya PVC, yaani kemikali za kuifanya iwe laini, huyeyusha wino polepole. Nimeuhamishia kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta siku hiyohiyo.

Nyota moja. Ila niseme kweli: kifurushi hichohicho kilikuwa na bahasha ya "MISSENT TO JAMAICA" nzima, mifuniko yote minne, mihuri ya nyuma inasomeka hadi saa, kwa bei ya kikombe cha chai. Basi mbili. Na pengine nitaagiza tena, wakinitumia kwanza picha ya mgongo, na mkasi wakiuficha.