Saketi ya kuzima leza kwa usalama niliyotengenezewa Ngamiani: uzoefu wangu

Projekta yangu ya leza ni ya kuunda mwenyewe: leza ya rangi tatu, vioo vya galvo (vioo vidogo vinavyochezeshwa na mota kuelekeza mwale), kasha la alumini. Naiwasha kwenye harusi hapa Tanga. Ina wati 1, na leza yoyote inayozidi miliwati 500 ni daraja la 4, yaani hata mwale uliodunda kwenye kitu kinachong'aa unaweza kukuharibia jicho kabla hujapepesa. Kwa hiyo nilimtafuta fundi wa Ngamiani anifungie saketi ya usalama. Elfu tisini, vifaa juu yake.

Kilichonifurahisha ni jinsi alivyoipanga. Kitufe cha dharura, swichi ya ufunguo na swichi ya mfuniko vyote viko kwenye mstari mmoja wa volti 12 unaoshikilia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Bonyeza kitufe, fungua kasha, au waya uchomoke wenyewe, relei inaachia. Na inakata umeme unaoingia kwenye draiva, saketi inayoilisha leza umeme, si ile waya ya kuiamuru iwake au izime tu kama wengi wanavyofanya.

Halafu relei inajishikilia yenyewe: ikishaachia, haishiki tena mpaka uiwashe kwa kitufe. Mji wetu mnaujua: maharusi wako mlangoni, umeme huo unaondoka. Ukirudi, muziki unaanza, taa nyekundu inawaka, leza kimya mpaka niangalie vioo vimekaa sawa ndipo nibonyeze kitufe cha kijani. Hili peke yake lingenitosha kumlipa.

Galvo zikikwama, mwale wote unasimama sehemu moja, na relei huchukua milisekunde kadhaa kuachia. Fundi aliliona hilo kabla sijamuuliza, akaweka na transista, swichi ya kielektroniki inayokata papo hapo vioo vikiacha kucheza. Hata hivyo miale bado naipitisha juu ya vichwa vya watu, zaidi ya mita 3 kutoka sakafuni. Saketi haikupi ruhusa ya kumulika wageni usoni, DJ asikudanganye.

Swichi ya mfuniko ndiyo mbovu. Ni ya bei rahisi, na kwa hewa hii ya chumvi miguu yake imeshaota kijani. Ikikosa kugusana leza inazima katikati ya shughuli. Inakera, ila afadhali kuliko kubaki inawaka. Nampa nyota nne. Ya tano ataipata akiniletea swichi isiyoingiza hewa.