Banda la gemu lililonirushia dakika tatu za Zelda

Siendi tena pale. Nimeanza na hukumu ili mwenye haraka asome hapo aondoke. Mwenye nafasi akae nimweleze.

Ni banda la gemu hapa Mtwara mjini, jina silitaji. Mabanda mengi ya huku ni mpira tu, asubuhi mpira, usiku mpira, na sina ugomvi na mpira. Hili lina Switch moja kwenye kona, mashine ya gemu ya Nintendo, na ndani yake kuna Tears of the Kingdom, mojawapo ya gemu za Zelda. Buku kwa saa. Tangu korosho zilipoanza kuanguka nimekuwa nikienda kila nikipata hela, wiki nyingine saa moja, wiki nyingine mbili. Kwa mwendo huo, kuufikia upanga kumenila karibu msimu mzima.

Na upanga ndio habari yenyewe. Mwanzoni mwa gemu adui mkuu, Ganondorf, anauharibu Master Sword, upanga mtakatifu, ukiwa mkononi mwa Link, shujaa unayemchezesha. Zelda, binti mfalme, anaangukia zamani za kale, Link anamtumia ule upanga hukohuko uliko, na Zelda anaona kuna njia moja tu ya kuuponya: anameza jiwe la siri, anageuka joka. Ukigeuka joka hujijui tena. Anaruka angani maelfu ya miaka, upanga umechomekwa kichwani mwake, unapona taratibu kwa nuru yake, mpaka wewe uje uuchomoe. Anayejua hayo hapandi lile joka kama anavyopanda mlima. Anajua anakanyaga kichwa cha nani.

Siku hiyo, Jumamosi au Jumapili, sikumbuki vizuri, nilikaa na kaka mmoja wa chuo anayesubiri zamu yake. Tukaanza ubishi. Na nasema ukweli, ule ulikuwa ubishi mzuri kuliko wote niliowahi kubishana maishani.

Yeye anasema watengenezaji wamefuta na kuandika upya. Tears inatuambia Rauru, wa kabila la kale la Wazonai, na mkewe Sonia ndio walioanzisha Hyrule, ile nchi ya gemu zote hizi, wakati Skyward Sword, gemu ya Zelda ya 2011, ilishatueleza asili ya mambo yote na hakukuwa na Mzonai hata mmoja. Vita vya kumfungia Ganon, ndiye Ganondorf, tumevisikia tangu A Link to the Past ya 1991, vina wenye hekima saba, leo tunaonyeshwa vita vingine vyenye jina lilelile na watu wengine kabisa. "Sasa wewe utaviweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, kaka, hii ni Hyrule ya pili. Ile ya kwanza ilishakufa ikasahaulika, Rauru akaja kuanzisha nyingine juu ya kaburi lake. Ushahidi wangu ni Warito, wale watu-ndege. Katika Wind Waker, ile ya 2002, Warito wametokana na Wazora, watu-samaki, hawakuwepo tangu mwanzo. Sasa tazama kumbukumbu za enzi ya Rauru: mwenye hekima wa Warito na mwenye hekima wa Wazora wamesimama pamoja katika vita moja. Kama huo ndio mwanzo wa dunia, Warito wametoka wapi?

Akanyamaza. Akajikuna kidevu. Akasema, "Hiyo ya Warito sikuifikiria." Akaanza kunihesabia matawi matatu ya historia yaliyotoka Ocarina of Time, gemu nyingine ya zamani, lile la shujaa aliyeshindwa, lile la Link aliyerudishwa utotoni, lile la enzi iliyoachwa bila shujaa, tutafute tawi gani linaweza kuzaa Hyrule ya pili. Tulikuwa tumefika pazuri.

Ndipo kijana wa zamu, aliyekuwa anahesabu chenji mezani, akaropoka: "Nyie watu wazima mnabishania katuni?" Sikumjibu. Nikarudi kwenye skrini, maana nilikuwa na dakika chache na nilishajaza ile miduara miwili ya pumzi, bila hiyo upanga hautoki. Nikatua kichwani kwa joka. Nikashika. Pumzi ikaanza kupungua, kijani kikiliwa kidogokidogo, joka likatikisa kichwa, vidole vyangu vimelowa jasho, kaka wa chuo amesimama nyuma yangu hasemi kitu.

Ukatoka.

Skrini ikabadilika, tukio la kutazama tu, kama filamu fupi, likaanza. Na hapohapo mkono ukapita begani kwangu, padi ikanyakuliwa, vitufe viwili, tap, tap, tukio limerukwa. Nimesimama na Link angani, upanga uko mgongoni, basi. "Muda wako dakika mbili, dogo, na wenzako wa mpira wanasubiri. Hadithi yenyewe waliotunga hawakumbuki walichoandika, wewe unataka kulia ya nini?"

Nilikuwa nimelipa. Dakika zile zilikuwa zangu, hata kama zilikuwa mbili. Kwa heshima ya kawaida tu, ya mtu na mtu, ungesema "kaka, muda unakwisha, maliza hiyo nibadilishe." Nani angekataa? Hao wa mpira wenyewe walikuwa wametulia, wanatazama na wao. Nimekaa kwenye daladala nimekanyagwa nikaombwa radhi, nimenunua samaki feri akaharibika, muuzaji akanibadilishia. Huyu hata pole hakusema. Aliifuta padi kwa fulana yake kana kwamba mimi ndiye niliyeichafua.

Kinachonichoma zaidi, na hapa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema, ni kwamba lile neno lake la mwisho lina ukweli ndani yake. Nimelala nalo siku kadhaa. Katika Breath of the Wild, gemu iliyoitangulia Tears, nilizunguka mahekalu madogo 120 ya Washeikah, kabila la kale la mafundi wa mitambo, moja baada ya jingine. Nikawakomboa wale wanyama wakubwa wanne wa chuma. Unaingia Tears, nchi ileile, watu walewale: mahekalu hayapo, wanyama hawapo, na hakuna anayekaa chini akakueleza vimekwenda wapi. Nyumba ya kijiji cha Hateno niliinunua mwenyewe, rupia 3,000 za humo ndani ya gemu na mizigo 30 ya kuni niliyoikata kwa shoka, sasa inaitwa nyumba ya Zelda. Mwaka 2023, mwaka uleule Tears ilipotoka, mkurugenzi wa gemu, Hidemaro Fujibayashi, alipoulizwa alijibu kwamba vitu vya Washeikah vilitoweka baada ya janga la Ganon kufungwa, watu waliona vikitoweka, na inaaminika kazi yake ilikuwa imekwisha. Inaaminika! Mimi ndiye niliyevitumia, halafu naambiwa inaaminika. Na mwaka 2024 Nintendo walipoonyesha mpangilio wa matukio, Breath na Tears ziliwekwa pembeni, nje ya matawi yote. Tawi nililokuwa nalitafuta na yule kaka pale bandani hawakulichora.

Wala sitetei wale wenye hekima wanne wa kale. Ukimaliza hekalu kubwa la kwanza la Tears mmoja anakusimulia vita vile vya kumfungia Ganon. Hekalu la pili, mwingine anakusimulia vilevile, karibu neno kwa neno. La tatu. La nne. Na Link, hata akishajua joka ni nani, anawaacha wenzake waendelee kumtafuta Zelda nchi nzima. Kwa nini asiwaambie? Hili siwezi kulitetea mbele ya mtu yeyote.

Kuna rafiki aliniambia nisichukulie kwa uzito, hizi ni ngano, hata bibi zetu wa Kimakonde leo sungura anakufa, kesho yuko hai anamdanganya fisi. Sikubali. Bibi yangu hakuwahi kuniambia hadithi ya leo ni mwendelezo wa ile ya jana. Angesema hivyo, ningemuuliza sungura alifufukaje, na nina hakika angenijibu.

Lakini yote hayo, ndugu zangu, hayampi mtu ruhusa ya kubonyeza vile vitufe. Tena ndiyo kwanza yanazidisha kosa. Hadithi ina matundu, sawa, lakini pale kwenye upanga haina tundu hata moja. Kila kitu kinakutana: aliyeutuma, aliyeungoja, aliyekuja kuuchukua. Kama kuna sehemu moja ya kumjibu yule kijana kwamba waliotunga wanakumbuka, ni hiyo aliyoiruka.

Niseme pia lililo haki. Skrini yao ni safi, viti vizuri, bei haijawahi kupanda, na hakuna pengine Mtwara nilipompata mtu wa kubishana naye kuhusu Warito. Kwa hiyo sijui kama nawaambia msiende. Nendeni, basi, mkijua akiwepo mwenye banda mwenyewe, siku za katikati ya wiki, yeye ni muungwana. Akiwepo yule kijana, hapana. Nilikuwa nimeandika nyota mbili; nikikumbuka ile fulana na ile padi, nimeondoa moja.

Kaka wa chuo alinifuata nje, tukakaa chini ya mwembe, akanisimulia tukio zima kwa mdomo, polepole, na mikono yake akinionyesha joka linavyogeuka. Alisimulia vizuri sana. Bado sijaliona.

Kama kuna mtu hapa mjini, Mikindani au hata Lindi, ana mashine yenye sevu, yaani mchezo uliohifadhiwa, ya kabla ya upanga kutoka, aniambie. Nitalipa saa nzima kwa dakika hizo tatu, na nauli ni juu yangu.