Uhandisi wa programu katika uzamili wa mtandaoni: uzoefu wangu

Wiki tatu za kwanza hatukuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo anayoandikiwa kompyuta, na mimi nilikuwa nimekasirika. Nilijiunga na shahada ya uzamili ya mifumo ya habari kwa njia ya mtandao baada ya miaka saba ya kazi za kumbukumbu na takwimu, karibu zote kwenye majedwali ya kompyuta. Somo la uhandisi wa programu ndilo nililolisubiri tangu siku ya kujiandikisha. Nilitaka kutengeneza vitu. Badala yake tukawa tunahoji watu, tunaandika sentensi, tunazifuta, tunaziandika tena. Sasa nimelimaliza na alama zimetoka, kwa hiyo naandika kwa ajili ya anayefikiria kulichukua, hasa aliyetoka kwenye kazi kama yangu na hakusomea kompyuta.

Kwanza mpangilio. Somo lilikuwa la wiki 12. Kila wiki kulikuwa na video fupi fupi za mihadhara, makala za kusoma, kipindi kimoja cha moja kwa moja kwa njia ya video, na zoezi la kuwasilisha. Alama zilitokana na kazi mbili za mtu binafsi, mradi wa kikundi, na mtihani wa mwisho. Maelezo ya somo yalisema saa 10 kwa wiki. Mimi nilitumia saa 16 hadi 18, na wiki za mradi zilizidi hapo. Ukiwa na kazi ya kutwa nzima usilichukue pamoja na somo jingine zito. Nilijaribu, na lile jingine nikaliacha wiki ya tano.

Tuliambiwa tubuni mfumo wa kuandikisha wagonjwa na kupanga miadi katika kliniki ya kufikirika. Mhadhiri alijifanya msimamizi wa kliniki, nasi tukamhoji kwa dakika 40. Alijibu alichoulizwa tu. Hakutuonea huruma, hakutupa dokezo. Tulitoka na mahitaji 31, yaani mambo ambayo mfumo unapaswa kuyatimiza, yaliyopangwa vizuri kabisa, na namba 4 ilisomeka hivi: "Mfumo uwe wa haraka." Kazi iliporudi, pembeni ya sentensi hiyo palikuwa na maswali manne: Haraka kiasi gani? Kwa nani? Watu wangapi wakiwa ndani kwa wakati mmoja? Mtaupimaje?

Nilikaa na maswali hayo jioni nzima. Mwishowe tuliandika kwamba mhudumu wa mapokezi akitafuta mgonjwa kwa jina, majibu yaonekane ndani ya sekunde 2, hata watumiaji 40 wakiwa wameingia kwenye mfumo. Sentensi hiyo mtu anaweza kuishika na kuipima, akasema imetimia au haijatimia. Ile ya kwanza kila mmoja wetu alikuwa na yake kichwani, na msimamizi wa kliniki naye alikuwa na yake. Kati ya yale mahitaji 31, yaliyobaki bila kuguswa ni 6.

Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuuliza ni kazi ya kitaalamu yenye mbinu zake, na kwamba mtu hupewa alama kwa swali alilouliza au aliloshindwa kuuliza. Kwangu hilo ndilo lililolipa gharama ya somo zima.

Hifadhidata, yaani mahali mfumo unapotunza data zake, ilitufundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Msingi wake ni nadharia aliyoitoa Edgar Codd mwaka 1970, ya kuweka data katika majedwali yanayohusiana, na kuna michoro ya kuonyesha vitu na uhusiano wake ambayo Peter Chen aliieleza mwaka 1976. Hayo yote unaweza kuyasoma popote. Kilichonikaa ni kosa letu wenyewe. Kila mgonjwa anahitaji kitambulisho kisichofanana na cha mwingine yeyote, yaani ufunguo msingi wa jedwali. Mimi nilipendekeza namba ya simu. Kila mtu anayo, hazifanani, na mgonjwa anaikumbuka kichwani. Wenzangu walikubali, tukachora mchoro wote juu ya msingi huo.

Katika kikundi tulikuwa na dada mmoja muuguzi, ambaye kwa kawaida hakusema sana. Siku ya tatu akawasha maikrofoni yake: "Jamani, mama akija na watoto wake watatu, hao watoto wana simu?"

Kimya. Watoto watatu na mama yao, watu wanne, wote wangeingia kwenye mstari mmoja wa jedwali. Dawa ya mmoja ingeandikwa kwenye faili la mwingine. Akaendelea: na mtu akibadilisha namba je? Tulibomoa majedwali matano. Mgonjwa akapewa namba inayotolewa na mfumo wenyewe, simu ikahamia kwenye jedwali lake, na mtu mmoja akaruhusiwa kuwa mwasiliani wa wengi. Hakuna video iliyotufundisha hilo. Tulifundishwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye dirisha la mapokezi, na tangu siku ile nikaacha kumhesabu dada yule kama mwenzetu asiyejua kompyuta.

Mifano halisi ilichaguliwa vizuri. Uliotuchukua muda mrefu zaidi ni ule wa huduma ya magari ya wagonjwa ya London. Tarehe 26 Oktoba 1992 waliacha kupanga safari za magari kwa karatasi na kuhamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Mfumo ulihitaji kujua kila gari liko wapi na linafanya nini. Taarifa zilipofika pungufu au kwa makosa, mfumo ukapoteza hesabu, magari mawili yakatumwa tukio moja, simu zikarundikana, na kadiri watu walivyopiga tena kuulizia, ndivyo rundo lilivyokua. Haukupita muda wakarudi kwenye njia ya nusu karatasi. Tarehe 4 Novemba mfumo ukasimama kabisa. Chanzo kilikuwa kipande kidogo cha msimbo kilichokuwa kikichukua nafasi ya kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, kila gari lilipotumwa bila kuirudisha, mpaka kumbukumbu ikaisha.

Nilipousoma mara ya kwanza nilikimbilia hapo kwenye kumbukumbu ya seva, kwa sababu ndilo kosa linaloonekana kwa macho. Mhadhiri akaturudisha nyuma. Wahudumu wa magari hawakushirikishwa vya kutosha, mafunzo yalitolewa mapema mno kabla ya mfumo kuanza kutumika, na ratiba ilikuwa ya kukimbizana. Mfumo wa habari una watu ndani yake. Wakiwa hawauamini, au hawajui kwa nini wanabonyeza kitufe fulani, taarifa zinazoingia zinakuwa mbovu, na hakuna msimbo safi utakaoziokoa. Kliniki yetu ya kufikirika niliitazama kwa jicho jingine baada ya hapo.

Pia tulisoma kesi ya Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimitambo. Katika hii kazi hiyo iliachiwa programu. Sitaieleza zaidi. Somo hilo lisomwe taratibu, na mtu asiliruke hata akiwa amechoka.

Upande wa historia na nadharia ulikuwa wa wastani. Tulipitia mkutano wa NATO wa 1968 huko Garmisch, Ujerumani, ambako jina uhandisi wa programu lilipewa uzito kwa sababu miradi ilikuwa ikichelewa na kuharibika. Jambo zuri ni kwamba tulisomeshwa makala ya Winston Royce ya 1970 yenyewe, si muhtasari wake. Watu wengi humtaja kama mwasisi wa njia ya maporomoko, ile ya kumaliza hatua moja kabisa ndipo uende nyingine. Ukisoma maneno yake unakuta aliuchora mtiririko huo kisha akaonya kwamba kuufuata hivyo hivyo ni hatari. Nilifurahi kuona jambo hilo kwa macho yangu. Tamko la Agile la 2001, la kutengeneza programu kwa vipande vifupi na kurekebisha njiani, lililoandikwa na watu 17 huko Utah, lilipewa wiki moja tu, na nadhani lilistahili mbili, maana ndiyo njia ambayo ofisi nyingi zinasema zinaitumia.

Sasa kazi ya kikundi. Tulianza watu watano, katika majira matatu tofauti ya saa. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Niliona kama maneno ya kukata tamaa. Wiki ya saba, tukiwa nyuma kwa siku tisa, tuliongezewa mwenzetu wa sita ambaye kikundi chake kilivunjika. Kijana mzuri, mchapakazi. Watu watano wana njia 10 za kuongea wawili wawili, na sita wana njia 15. Tukatumia siku nne kumweleza kwa nini simu si ufunguo msingi, kwa nini namba 4 imeandikwa vile, nani anashika skrini zipi. Alianza kutusaidia kweli kweli wiki ya tisa, na siku tisa zetu zilikuwa zimekuwa kumi na mbili. Hakuwa na kosa lolote. Hesabu ndiyo ilivyo.

Kilichotuokoa ni kuandika. Kwa kuwa hatukuweza kuonana, kila uamuzi tuliuweka kwenye waraka mmoja: tumeamua nini, lini, kwa sababu gani, tulikataa nini. Wanaosoma darasani wanaweza kumaliza jambo kwenye korido na kulisahau. Sisi hatukuwa na korido. Mwanzoni niliona ni hasara ya kusoma mtandaoni. Sasa naona kwamba kwa somo hili ni faida, kwa sababu kazini nako mifumo huishi kuliko watu walioitengeneza, na anayekuja baada yako anategemea ulichoandika.

Msimbo tuliuhifadhi kwa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya mfumo endeshi wa Linux. Hapa somo lilipwaya. Tulipewa video moja ya dakika 14 na kuachwa. Wiki ya kumi, saa saba usiku kwangu, mwenzetu mmoja alipata ujumbe wa kukataliwa alipokuwa akipeleka kazi yake kwenye hazina ya pamoja. Akaona mtandaoni kwamba kuna amri ya kulazimisha, akailazimisha. Kazi ya siku mbili ya mwingine ikatoweka kwenye hazina. Niliona orodha ya mabadiliko imefupika na moyo ukanishuka. Bahati, Git humwachia kila mmoja historia yote kwenye kompyuta yake, na mwenye kazi alikuwa bado hajagusa ya kwake, kwa hiyo tuliirudisha asubuhi. Wanafunzi wasio na msingi wa kompyuta wapewe mazoezi ya Git wiki ya kwanza. Anayejiandikisha asisubiri kupewa: ajifunze matawi, kuunganisha, na kurudisha nyuma kabla muhula haujafunguliwa.

Kuna malalamiko mengine. Maoni ya kazi ya kwanza yalichukua siku 19 kurudi, wakati kazi ya pili ilijengwa juu ya ile ya kwanza na ilikuwa na siku 21. Yale maswali manne niliyoyasifu yangenifaa mara mbili zaidi kama yangefika mapema. Baadhi ya video zilionyesha toleo la programu ya kuchorea ambalo halipatikani tena, menyu hazifanani, nikawa nasimamisha video kila dakika kutafuta kitufe. Na mtihani wa mwisho ulifanywa huku kamera ikituangalia kupitia programu iliyozima kompyuta yangu katikati ya swali la tatu. Nilipoteza dakika 11. Niliandika kuomba msaada papo hapo, jibu lilikuja baada ya siku mbili, na dakika hazikurudishwa. Mwanafunzi wa mbali hana mlango wa kugonga. Chuo kinachochukua wanafunzi wa mbali kinapaswa kuwa na mtu wa kupokea simu saa za mtihani.

Kuhusu majaribio ya programu, wiki mbili zilizotengwa zilitosha. Nilipenda kwamba kila hitaji lililazimika kuwa na jaribio lake, na hitaji lisilo na jaribio lilirudishwa. Namba 4 ilipita kwa sekunde 1.6.

Ninampendekezea nani? Mtu wa takwimu, kumbukumbu, uhasibu, afya au utawala anayeishi na mifumo kila siku na anataka kukaa upande wa kuibuni. Awe anaweza kusoma msimbo mfupi bila kuogopa na ajue majedwali ya hifadhidata kidogo. Mtengenezaji programu mzoefu ataona wiki za msimbo ni nyepesi, ila zile wiki tatu za mwanzo zilizonikasirisha huenda akazihitaji kuliko mimi. Kabla ya kulipa, aulize mambo mawili: maoni ya kazi hurudi baada ya siku ngapi, na video zimerekodiwa mwaka gani. Waombe wakuonyeshe kazi moja iliyosahihishwa.

Wiki iliyopita kazini tuliletewa ombi la ripoti mpya. Limeandikwa: "Ripoti iwe rahisi kutumia." Nimempigia simu aliyeliandika, na kesho saa nne ninakaa naye nikiwa na karatasi ya maswali. Yamefika tisa.