Wodi iliyomlinda mama asianguke: uzoefu wangu Kampala

Mwaka jana mama yangu alianguka hospitalini. Si hii ninayoisifu hapa, ile siitaji. Aliamka usiku kwenda msalani, sakafu imetoka kupigwa deki, taa ya korido imeungua. Mimi nimelala mkekani chini ya kitanda chake, nikaamshwa na kishindo. Alishonwa nyuzi 6 juu ya jicho. Asubuhi daktari akamuuliza nesi, nesi akaniuliza mimi.

Kwa hiyo mwezi wa nne, tulipomtoa mji wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, kumleta hospitali ya binafsi jijini, moyo haukutulia. Nesi aliyempokea alianza kwa maswali: amewahi kuanguka? Anameza dawa gani? Usiku anaamka mara ngapi? Akampima presha amelala, akamsimamisha, akapima tena: 146 ikawa 118. Akanieleza kwamba ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, mtu hushikwa na kizunguzungu na anaweza kudondoka. Miaka yote mama akisema dunia inazunguka, sisi tulidhani ni uzee!

Habari ile haikulala kwenye faili. Mfamasia alikuja mpaka kitandani, akakuta dawa ya kupunguza maji mwilini mama anaimeza jioni, ndiyo maana usiku kucha anakwenda haja ndogo. Akazungumza na daktari, ikahamishiwa asubuhi. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaikata bakora yake, ilikuwa ndefu, hadi mpini ukalingana na kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Mama wa usafi alipiga deki nusu ya korido, akasubiri ikauke, ndipo akamalizia. Tena ni yeye aliyegundua breki ya gurudumu moja la kitanda haishiki, akaita nesi papo hapo.

Nilitaja kwamba mama huamka saa kumi na moja kwa ajili ya swala. Wakaandika. Kila alfajiri nesi wa zamu alikuja na birika na beseni: "Hajati, kaa kwanza ukingoni. Vuta pumzi kumi, ndipo usimame." Mama akatawadha palepale, akaswali kitini. Siku 9, hakuanguka hata mara moja.

Lawama ninayo. Kengele ya kitandani haikulia hata siku moja, na Jumamosi usiku wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja. Nilimwambia msimamizi, akakubali, lakini tukaondoka haijatengenezwa. Saa hizo ndugu wa mgonjwa ndiye kengele. Mimi walinifundisha kumshika, na mkeka wangu wakausogeza ukutani asije akajikwaa. Jirani yetu hakufundishwa, kwa sababu hakuuliza.

Nawapa nyota 4. Ukimpeleka mzee wako popote, beba dawa zake zote mfukoni, hata za dukani, na uombe apimwe presha akiwa amesimama.