Henga, sufuria au hesabu: kipi kinapima kitabu vizuri?

Kati ya vituko vyote vya kupima kitabu bila mizani, henga ya nguo ndiyo bora. Chukua ya plastiki ngumu, itundike kwenye msumari mrefu ili icheze bila kugusa ukuta, maana ikikwaruza ukuta inakudanganya. Ning'iniza mifuko miwili inayofanana, mmoja kila ncha. Mifuko ikiwa mitupu henga ikae sawa. Ikiinama, bandika selotepu upande uliopanda.

Sasa weka kitabu upande mmoja pamoja na chupa tupu ya nusu lita. Upande wa pili weka chupa kama hiyo, uijaze maji taratibu mpaka henga inyooke. Chupa zimefutana, kwa hiyo pima hayo maji tu kwenye jagi: mililita 340 maana yake kitabu kina gramu 340. Kisha badilisha pande, urudie. Majibu yakitofautiana, mkono mmoja wa henga ni mrefu kuliko mwenzake, chukua wastani. Henga ya waya usiihangaikie, kamusi nene itaipinda.

Sufuria inafurahisha kuliko zote, kitabu kinaelea kama abiria wa mtumbwi! Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kiweke katikati ya sufuria inayoelea kwenye beseni, weka alama ya kalamu pale maji yalipofika kwa nje. Toa kitabu, mimina maji ndani ya sufuria mpaka izame hadi alama ile ile. Uzito wa maji hayo ndio wa kitabu. Kasoro yake ni upana: sufuria ya kipenyo cha sentimita 24 hushuka milimita moja kwa kila gramu 45 hivi, kwa hiyo alama nene tu ya kalamu inatosha kukupoteza. Tumia sufuria nyembamba kadiri kitabu kinavyoingia.

Hesabu inafaa kwa vitabu vya jalada laini. Karatasi ya A5 (nusu ya A4) ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 2.5. Kurasa 200 ni karatasi 100, yaani gramu 250, na jalada huongeza kama 15. Wengi huhesabu kurasa badala ya karatasi, wakapata mara mbili.

Kukadiria kwa mkono, hapana. Vitabu viwili vyenye uzito sawa, kile kidogo huonekana kizito zaidi.