Bima ya kisanduku kwa dereva kijana Uingereza, maoni yangu baada ya mwaka mzima

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kampuni siitaji jina, maana bima za aina hii, za kufungiwa kisanduku kwenye gari kinachopima unavyoendesha, zinafanana sana na ninachotaka mjue ni jinsi zinavyofanya kazi.

Mdogo wangu anasoma Leicester, ana miaka 19, alipofaulu mtihani wa udereva tukamtafutia Corsa ya zamani ya injini ndogo, pauni elfu moja na mia tano hivi. Kuja kuangalia bima kwenye tovuti za kulinganisha bei, zinapita elfu mbili kwa mwaka!! Yaani bima ghali kuliko gari lenyewe. Mtu uliyezoea Bongo, bima ndogo (inayomlipa uliyemgonga tu) ya gari binafsi kama shilingi 118,000 na VAT humo humo, uwe na miaka 20 au 60 ni hiyo hiyo, hii haiingii akilini kabisa. Huku wanaangalia umri, mtaa unaolaza gari, gari lenyewe liko kundi la ngapi (magari mengi yamepangwa kuanzia 1 mpaka 50, kijana abaki huko chini kwenye nafuu), na umekaa miaka mingapi bila kudai fidia. Leseni ya nyumbani nayo unaendeshea miezi 12 tu kisha ufanye mtihani wao, na ile miaka yote uliyoendesha Dar bila kugonga mtu kampuni nyingi hazikuhesabii.

Na ukisema ubane matumizi uchukue bima ndogo, angalia bei kwanza, kwa vijana mara nyingi inakuja sawa na bima kubwa (inayolipa na gari lako) au inazidi kabisa.

Ndo tukachukua ya kisanduku. Wanafunga kidude kwenye gari kinapima mwendo, breki za ghafla, unavyokata kona, saa unazoendesha na maili ulizotembea, halafu unapata alama kwenye programu ya simu. Bei ilishuka mpaka kama elfu moja na mia tatu, na kumwongeza mama kama dereva wa pili kukapunguza tena kidogo, ila mama kweli analitumia gari wikiendi. Hapa jamani muwe makini sana, kuandikisha bima kwa jina la mzazi kana kwamba yeye ndo dereva mkuu wakati anayeendesha kila siku ni mtoto ni udanganyifu kisheria, siku ya ajali kampuni inaweza kugoma kulipa na bima ikafutwa, na ukishafutiwa bima mara moja kila kampuni utakayoenda baadae itakuuliza.

Kizuri nilichokiona, dogo ametulia barabarani. Anajua akikanyaga breki vibaya inaonekana. Na kwa dereva mpya hili si la bei tu, ndani ya miaka miwili ya kwanza ukifikisha pointi 6 za makosa leseni inafutwa unaanza upya na mitihani yote, sasa kushika simu ukiendesha ni pointi 6, kuendesha bila bima ni pointi 6 na faini pauni 300. Kosa moja tu leseni imeenda.

Nyota niliyoikata ni ya huduma kwa wateja. Kuna kijibarabara cha pembeni kinakwenda sambamba na barabara kuu, kisanduku kikawa kinadhani dogo yuko kwenye hicho kijibarabara cha mwendo usiozidi maili 30 kwa saa kumbe yuko kwenye kubwa, alama zikashuka, wakatuma onyo. Kuwapata kwenye simu ni kazi, ukiwapata wanakuambia tuma barua pepe, ukituma kimya. Mwishowe walirekebisha lakini walitutesa sana, na onyo kama hilo likirudiwa wanaweza kukupandishia bei au kukufutia kabisa, kwa hiyo haikuwa jambo dogo hata kidogo.

Sasa punguzo la kutodai, na hili ndo sababu ya mimi kuipendekeza. Ukimaliza mwaka bila kudai, mwaka unaofuata kampuni nyingi zinakupunguzia karibu asilimia 30, ukifika miaka mitano inaweza kupita 60. Lakini mwaka uwe umekamilika, ukivunja mkataba ukiwa na miezi kumi tu kwa kawaida hupati kitu, ndo maana nilimwambia dogo vumilia hilo lisanduku mpaka mwisho. Punguzo ni la mwenye bima, dereva wa pili kwa kampuni nyingi hajengi chochote, hivyo kijana anayekaa chini ya bima ya baba miaka minne siku akichukua ya kwake anaanzia sifuri. Ukikaa zaidi ya miaka miwili bila bima kwa kawaida linakufa. Na kitu kinachowauma wengi, hata kama umegongwa wewe, kampuni yako ikishindwa kurudishiwa hela yake na upande wa pili, linaweza kuguswa. Ile nyongeza unayoweza kulipia ili kulilinda punguzo inalinda asilimia tu, bei ya msingi bado wanaweza kuipandisha.

Kuhusu kulipa, kama mnaweza kuchanga kifamilia mlipe mara moja, ya kila mwezi mara nyingi ina riba. Bei yao ya kuendelea na bima mwaka unaofuata ikija msiipokee tu. Toka Januari 2022 mamlaka yao inayosimamia kampuni za fedha na bima, FCA, imekataza mteja wa zamani kutozwa zaidi ya mteja mpya mwenye bima ileile, ila kampuni nyingine inaweza kuwa chini, anzeni kuangalia wiki tatu au nne kabla ya siku ya mwisho, ukisubiri mpaka jioni ya mwisho bei zinapanda. Barua ya kuthibitisha mwaka wako bila madai iombeni mapema maana kampuni mpya itaitaka, na hapo sina neno na hawa jamaa, ya dogo walituma siku ileile tulipoomba.