TAHADHARI: anayeuza kabini za meli Stockholm–Helsinki kwenye magrupu ya WhatsApp

Wadau mlioko Sweden na Finland, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu anauza kabini za meli za Helsinki na Tallinn, anajiita ajenti. Ni tapeli, msimtumie hela.

Anachofanya ni kwamba buking anaifanya kweli kabisa kwa majina yenu, ila anachukua tiketi ya aina inayorudishiwa hela. Anakutumia PDF, ukipiga simu kwenye kampuni ya meli unaambiwa ndiyo ipo, roho inatulia, unamswishia (unamtumia hela kwa Swish, ile app ya malipo ya simu ya Sweden). Baada ya siku chache anaikansel, hela aliyoilipa kampuni inarudi kwake na yako anayo. Dada mmoja wa Uppsala kafika bandari ya Värtahamnen, Stockholm, na wanae watatu na mabegi, mashine ikakataa namba, dirishani akaambiwa buking ilishafutwa wiki mbili nyuma. Kumpigia jamaa, kashambloku. Watoto wamekaa juu ya mabegi wanaangalia wenzao wanapanda, jamani iliniuma sana.

Watu wanasema yule dada angeshtukia bei ilivyo rahisi, lakini mimi naona wanamwonea, hizi meli kweli zinauza kabini bei ya kutupa kwa sababu faida yao iko kwenye bufe na duka la ndani. Ndiyo maana usiku zinapitia Mariehamn kwenye visiwa vya Åland, visiwa hivyo viko nje ya eneo la kodi la Umoja wa Ulaya kwa hiyo dukani wanauza bila kodi. Bei rahisi haikuambii kitu. Cha kuangalia ni buking imefanywa kwa imeili na namba ya simu ya nani, maana mwenye hizo ndiye anayeweza kuifuta bila wewe kujua.

Kuna na hili la kuwaambia watu pasipoti haihitajiki eti ni huku huku tu. Muongo! Kama siyo raia wa nchi za Nordiki beba pasipoti na kadi ya ukaaji, na LMA-kort (kadi ya waomba hifadhi Sweden) siyo kitambulisho cha kusafiria. Pia asikuuzie tiketi yenye jina la mtu mwingine, ile meli iliyoitwa Estonia ilizama Septemba 1994 wakafa watu 852, na siku hizi majina ya abiria lazima yaandikishwe, yanatakiwa yawe ya walio ndani kweli.

Kama ulishamlipa kwa safari ya kiangazi piga kampuni ya meli leo hii, uliza kama buking bado iko hai na uwaeleze hali ilivyo. Halafu piga polisi wa Sweden 114 14, uwe na skrinshoti ya Swish inayoonyesha jina na namba aliyopokelea. Swish ukishathibitisha huwezi kuirudisha mwenyewe, ila benki nao wapigie. Mwenye meseji zake anitumie inboksi, tunazikusanya ziunganishwe na ripoti ya yule dada.